Wageni wa Popo

Kila siku saa kumi na moja jioni, fundi aliligeuza gauni ndani nje. Saa hiyo jua liliingia kwenye dirisha la sebule likiwa limelala, na mwanga uliolala hauna huruma: mshono uliopinda unauona, uzi ulioachwa mrefu unauona. Basi alizima redio, akatandika shuka safi sakafuni, akaivua sanamu ya kupimia nguo gauni la bi harusi, akapiga magoti na kulipitia pindo kwa vidole, inchi kwa inchi, pini zikiwa mdomoni. Kwa nusu saa hiyo hasemeshwi. Hata mama yake, ambaye aliweza kuongea na ukuta ukamjibu, alilijua hilo na kujifungia jikoni.

Siku hiyo alikuwa amefika katikati ya pindo mlango ulipogongwa. Hakujibu. Ukagongwa tena, kisha ukafunguliwa, maana haukuwa umefungwa kwa ufunguo.

"Samahani dada, hapa ndipo kwa popo?"

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja. Swali kama lile halijibiwi na mtu mwenye pini mdomoni.

"Kwa nani?"

"Kwa popo," alisema mgeni, mwanamume mwenye kofia, tena kwa uhakika wa mtu aliyeelekezwa vizuri. "Tumeambiwa ghorofa ya mwisho, mlango wa kijani, tumuulize mama." Nyuma yake alisimama mkewe, na nyuma ya mkewe mzee mmoja nadhifu mwenye darubini shingoni.

Fundi alikuwa bado anatafuta neno la kuwafukuza nalo wakati mama yake alipotokea jikoni, amevaa viatu vya kutokea na ameshika tochi.

"Karibuni, karibuni! Mmewahi vizuri. Futeni miguu hapo. Pitieni pembeni, baba, pembeni! Hapo katikati kuna harusi ya watu."

Wakapita. Mmoja, wawili, watatu, wakiiruka shuka kama watu wanaovuka mfereji, wakaingia jikoni, wakatokea roshani ya nyuma na kupanda ngazi ya chuma kwenda juu ya paa. Fundi alibaki amepiga magoti, pini kiganjani.

Ngazi ile ndiyo iliyokuwa chanzo cha balaa. Zamani mwenye nyumba alikusudia kuongeza ghorofa moja, lakini nia ikamwishia kwenye ngazi. Kwa hiyo katika jengo zima njia pekee ya kufika kwenye paa ilikuwa jikoni kwa fundi. Na ng'ambo ya barabara, katika ua wa maktaba, kulikuwa na mikaratusi saba mirefu, na katika mikaratusi hiyo waliishi popo ambao hakuna aliyejua idadi yao. Ukiwa barabarani huoni kitu, ukuta wa maktaba umekuziba. Unachopata ni harufu tu na kelele zao za kugombana. Ukiwa juu ya paa la fundi, unawatazama usoni.

Mama ndiye aliyeligundua hilo. Alikuwa amepanda kuanika mito, akachelewa kuteremka, popo wakatoka mbele ya macho yake. Kesho yake alimpandisha muuza magazeti. Muuza magazeti akamwambia mwalimu wa baiolojia, yule mzee wa darubini, na mwalimu hakuzaliwa na siri.

Mama mwenyewe alikuwa amefanya kazi katika jumba la sinema kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwapokea watu mlangoni na kuwaonyesha viti kwa tochi. Jumba lilipofungwa alirudi nyumbani na tochi yake, akamtunza mumewe hadi mume alipofariki. Baada ya mazishi watoto wake wawili, fundi na kaka yake, walikubaliana kwamba mama akae kwa fundi wiki mbili, mpaka wajue la kufanya. Ilikuwa sasa miezi minane, na hakuna aliyejua la kufanya. Mama alilala kwenye kochi la sebuleni. Nguo zake zilikuwa bado ndani ya begi lake, chini ya meza ya cherehani, zimekunjwa kama za mtu anayesubiri basi.

Fundi hakuwahi kumwambia azitoe. Si kwamba hakutaka. Kabla mama hajaja, fundi aliishi peke yake miaka sita, na kwa miaka sita hiyo alikuwa mtu wa kushtuka usingizini na kwenda kukagua mlango. Tangu mama aanze kukoroma sebuleni, mlango haukukaguliwa tena. Alitaka sana mama abaki. Lakini aliogopa kwamba akimwambia, mama atakubali kwa kumhurumia tu, huku moyo wake uko kwa mtoto wa kiume mwenye nyumba kubwa. Basi alinyamaza akimsubiri mama aseme. Na mama naye alinyamaza.

Katika familia hii, kumwambia mtu jambo usoni kulihesabiwa jirani na kumtemea mate. Walisema na vyombo. Mama alisema na birika: "Wewe birika, kuna watu wanakunywa chai mara tano kwa siku, halafu wanashangaa mioyo inawaenda mbio." Na fundi akiwa anapiga pasi chumba cha pili, alijibu: "Pasi, mwenzangu, afadhali sisi wa chai. Wengine wanatia sukari mpaka kijiko kinasimama wima." Hivyo ndivyo walivyogombana, walivyopatana, na hata walivyosalimiana asubuhi za baridi.

Jioni ile ya wageni wa kwanza, kwa hiyo, fundi hakumwambia mama neno. Aliiambia pasi.

"Pasi, hongera. Tumefunguliwa stendi ya mabasi."

Jikoni birika likaambiwa: "Watu watatu tu, birika. Tena wastaarabu. Na mmoja ni mwalimu."

Watatu wakawa saba. Saba wakawa kumi na tano. Wiki ya tatu mlango haukukauka wageni. Mama alipanga viti vya plastiki, madebe na benchi moja la kuazima katika safu tatu juu ya paa, na kila mgeni alisindikizwa kwa tochi hadi kiti chake, ingawa jua lilikuwa bado linawaka na mgeni ana macho mawili mazima. Wafupi mbele, warefu nyuma. Simu zisitoe mwanga. Hakuna kutafuna vitu vinavyolia. Mwalimu alipewa dakika tano za kueleza kwamba popo hawa hawanyonyi damu ya mtu, wanakula matunda, na kwamba mtu akiwaacha kwao nao watamwacha kwake. Akizidisha, tochi ilimmulika usoni.

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa viti wabebe, wakavibeba kwa furaha, wakivigonga kwenye kuta za fundi.

Yeye walimwita "dada wa mlangoni".

"Dada wa mlangoni, choo kiko wapi?"

"Dada wa mlangoni, leo wapo?"

"Leo wamesafiri," alijibu fundi.

"Ah! Wameenda wapi?"

"Kumsalimia shangazi yao."

Mgeni akacheka, akapita hivyo hivyo. Mwingine alimletea suruali ya mumewe apunguze urefu, kwa kuwa anapita hapo hapo. Mtoto mmoja alishika satini nyeupe kwa mkono wenye ndizi. Fundi aliitoa ile alama kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa, machozi yakimlengalenga, huku juu ya dari yake miguu thelathini ikikanyaga, na sauti ya mama yake ikisikika waziwazi: "Safu ya pili, songeeni, kuna mama mjamzito!"

Sauti ile ilikuwa imechangamka. Fundi alilisikia hilo pia. Hakuwa amemsikia mama akichangamka hivyo tangu msiba. Na hilo ndilo lililomkera kuliko yote, maana humnyima mtu haki ya kukasirika vizuri.

Kisha ikaja Jumatano ya kupima gauni. Bi harusi alifika na mama yake saa kumi na moja kamili kama walivyoagana. Fundi alifunga pazia katika kona ya sebule, bi harusi akavua, akabaki na gaguro, sketi ya ndani. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, wakaingia wanaume kumi na mmoja wa timu ya mpira, wamevua viatu na kuvishika mkononi kwa heshima, wakisema "Hodi, hodi" kwa zamu.

Bi harusi alipiga ukelele. Mchezaji mmoja, kwa kutaka kugeuka asione, alijizungusha katika pazia na kuling'oa pamoja na fimbo yake.

"Fundi," alisema mama wa bi harusi, akimfunika binti yake kwa mkoba, "tumekuja kupima gauni, au tumekuja kuonyeshwa?"

Bi harusi na mama yake walipoondoka, wakiwa wamekasirika na pindo likiwa bado halijapimwa, fundi aliingia chumbani, akafunga mlango na kumtumia kaka yake ujumbe wa sauti. Kaka alikuwa mkuu wa shule katika mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa gari.

"Kaka, mimi nimefika hapa, kooni. Maji yamezidi unga. Nyumba si yangu tena, sina pa kuweka mguu, kazi inanifia mikononi. Siwezi, kaka, siwezi tena. Fanya lolote uwezalo."

Alituma kabla hajaghairi. Alijua anachotaka: kaka ni mtu wa ratiba na foleni, aje akae na mama, ampangie siku za wageni, mbili kwa wiki, na siku za kupima gauni asiingie mtu. Kaka aliandika jibu fupi: "Nimekuelewa mdogo wangu. Jumamosi nakuja."

Fundi akapumua.

Alhamisi na Ijumaa mama alikuwa kimya. Alifua mapazia. Alisugua masufuria mpaka yakawa kama ya dukani. Wageni walikuja, akawapandisha, akawateremsha. Ijumaa usiku mama alipokuwa akisuuza vikombe, fundi alimsikia akisema kwa sauti ya chini: "Birika, ukibaki na huyu, usichelewe kuchemka. Anachoka."

Fundi aliona ni maneno ya uzee. Aliendelea kushona.

Jumamosi kaka alifika saa kumi na mbili jioni, shati limenyooka, akakataa kiti.

"Mama yuko tayari?"

"Tayari kwa lipi?"

"Kwa safari. Nataka tutoke kabla ya giza, barabara si nzuri."

Fundi alikiacha cherehani kikazunguka chenyewe mpaka kikasimama. Akainama kutazama chini ya meza. Begi halikuwepo. Lilikuwa karibu na mlango, na juu yake koti la mama limekunjwa.

"Kaka, nani kasema mama anaondoka?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Jumatano. 'Siwezi tena, nyumba si yangu.' Nilimpigia mama nikamwekea sauti yako asikie mwenyewe, asije akadhani ni maneno yangu. Mimi si mchonganishi."

"Ulimsikilizisha!" Fundi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Kaka, wewe una akili kweli? Nilikuwa nasema viatu! Nilikuwa nasema watu! Wachezaji kumi na mmoja na bi harusi wa watu amevaa gaguro!"

"Hukusema viatu," alisema kaka, kwa upole wa mtu anayesahihisha mtihani. "Nimeisikiliza mara mbili. Viatu havimo. Bi harusi hayumo. Sasa katika nyumba yetu, mtu akisema 'fanya lolote', amesema nini? Marehemu baba alipoambiwa na mama 'hili kochi linatosha tu', alinunua kochi jipya siku ile ile."

Kibaya zaidi ni kwamba kaka alikuwa sahihi. Hata yeye, angepokea ujumbe ule, angeusikia vivyo hivyo.

"Naye alisema nini?"

"Alisema sawa. Alisema alishajua, alikuwa anasubiri kuambiwa."

"Basi mwambie sivyo."

"Mwambie wewe."

"Nimwambieje?"

"Kwa mdomo."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi nilishatumwa mara moja," alisema kaka akinyanyua begi, "tazama nilivyofanya. Nateremka kupakia. Mwite."

Mama alikuwa juu. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi walikuja wengi. Sebule ilikuwa bado inapitisha watu, na kila aliyepita alisema "Shikamoo" au "Habari dada wa mlangoni". Fundi alisimama jikoni mbele ya birika lililong'aa. Alilikodolea macho. Barabarani kaka akapiga honi mara moja, kwa adabu. Kisha mara mbili.

Fundi hakuwahi kupanda wakati wa popo. Aliapa siku ya kwanza kwamba hatapanda, na alikuwa mtu wa kushika neno hasa kama neno lenyewe ni la hasira. Sasa alikamata vyuma vya ngazi na kupanda, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

Juu alikuta watu arobaini wamekaa kimya kama mtihanini. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maktaba. Mikaratusi ilijaa vitu vyeusi vilivyojinyoosha, kusukumana na kupiga kelele, kama shule nzima inayosubiri kengele. Mama alisimama kando ya safu ya kwanza, mgongo umenyooka.

"Mama," fundi alisema.

"Shhh!" ilisema safu ya nyuma.

"Mama, kaka anapiga honi."

"Wewe dada, kaa chini, unatuziba!"

"Ninawaziba?" Fundi aligeuka. "Mimi ninawaziba? Hapa ni kwangu!"

"Kwako ni chini," alinong'ona mwanamume mwenye kofia, yule yule wa siku ya kwanza. "Huku ni kwa mama."

Mwanga wa tochi ulishuka miguuni pa fundi. Mama alikuwa amekuja, hakumtazama usoni. Alimshika kiwiko kama alivyowashika watu maelfu, akamwongoza katikati ya magoti ya watu hadi kwenye debe lililopinduliwa mwisho wa safu.

"Dakika kumi tu," alinong'ona. "Nikishawateremsha hawa nakuja. Mwambie kaka yako sichelewi. Na wale wa kesho ukiwakuta mlangoni, waambie imefungwa. Waambie kwa upole."

Ndipo popo wakatoka. Alitoka mmoja, akazunguka, akarudi kana kwamba amesahau kitu. Kisha mti mzima ukaachia, na mti wa pili, na mbingu juu ya paa ikawa mabawa matupu, mengi, ya taratibu, bila haraka yoyote, yakipita chini kiasi kwamba watu waliinamisha vichwa. Kitu kikadondoka begani kwa fundi, na hakikuwa mvua.

Watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Fundi alitazama bega lake. Alitazama zile safu tatu za vichwa vilivyoelekezwa juu na midomo wazi. Alimtazama mama yake. Mama hakuwa akitazama popo. Alikuwa akiwatazama watu, mmoja mmoja, kama mwenye nyumba anayehakikisha kila mtu amepakuliwa chakula. Chini, kaka akapiga honi ndefu isiyokuwa na adabu tena.

Yote yalimpanda fundi kwa wakati mmoja: honi, bega, gauni lisilokwisha, watu arobaini, kaka na mitihani yake, birika, pasi, miezi minane. Akasimama juu ya debe.

"Mama!"

"Shhh!" wakasema watu.

"Shhh wenyewe! Mama, nitazame."

Mama alizima tochi. "Subiri waishe, mwanangu, watu wanatazama."

"Sisubiri! Nimesubiri tangu msiba. Mimi hawa popo siwapendi, na sitawapenda. Wananuka, na huyu mmoja amenimalizia blauzi. Wageni wako wananikanyagia kitambaa, wananivunjia mapazia, wananiita dada wa mlangoni, na Jumatano nilipomwambia kaka siwezi tena, nilikuwa nasema wao! Wao na viatu vyao! Sikukusema wewe!" Akaendelea kwa hasira ile ile, maana ndiyo pekee aliyokuwa nayo karibu. Vichwa vyote arobaini sasa vilikuwa vimemgeukia yeye, na popo wakapita peke yao. "Sitaki uende. Hujanichosha. Nataka ukae kwangu, mama. Siyo wiki mbili. Ukae kabisa, kwa sababu ninapokusikia upo ndipo ninapolala."